Bethidei Imekuja Mikono Mitupu

Siku hizi hata hapa kijijini Mlali, wilayani Kongwa, mzazi akisema anataka kumfanyia mtoto bethidei, haulizwi kwanza idadi ya wageni wala bei ya mbuzi. Anaulizwa mada ni ipi. Mpambaji wa Kibaigwa au wa Kongwa mjini anamtumia picha kwenye simu. Kuna binti mfalme wa barafu, kuna mtu buibui, kuna farasi mwenye pembe moja, kuna panya wa masikio makubwa meusi. Mzazi anachagua picha, anatanguliza nusu ya malipo, na kuanzia hapo kila kitu kinaifuata ile picha: rangi ya keki, maputo, sahani za karatasi, mpaka nguo watakazovaa watoto walioalikwa.

Mkwe wangu anayeishi Dodoma alinitumia picha hizo mwezi uliopita. “Shikamoo mama,” aliandika. “Mjukuu wako anatimiza miaka sita mwezi wa saba, na amesema sherehe ifanyike huko kwa bibi. Tuchagulie, ipi itapendeza?” Ni swali jema, na liliulizwa kwa heshima. Sikulijibu siku ile ile. Nilijikuta nakumbuka siku za kuzaliwa nilizowahi kuziona au kusimuliwa, nyingine hazikuwa na keki wala hazikuitwa sherehe, na kadiri nilivyozikumbuka ndivyo nilivyoona nina la kuwaambia wazazi wa umri wa mkwe wangu.

Nianze na bibi mzaa mama. Hakujua tarehe aliyozaliwa, ila alikijua kisa cha kuzaliwa kwake kuliko wengi wetu wenye vyeti. Alisema alizaliwa Mtunya ikielekea kuisha. Mtunya ni njaa kuu iliyoipiga Ugogo mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, ikaendelea mpaka kufikia 1920. Majeshi ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, yalichukua ng’ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua zikagoma. Mafua yaliyozunguka dunia mwaka 1918 nayo yakawakuta watu wameshadhoofika. Mtoto aliyezaliwa wakati ule akaishi, kuzaliwa kwake kulikuwa habari ya kijiji kizima. Bibi alisimulia jinsi mama yake alivyoletewa kibuyu cha maziwa na jirani ambaye naye alibakiwa na ng’ombe mmoja tu wa kukamua. Alisimulia kisa hicho kila alipopata msikilizaji mpya, na kila mara alikitaja kile kibuyu kabla ya kumtaja baba yake.

Mama yangu yeye ni mtoto wa mwaka wa karanga. Mwaka 1947 Waingereza waliingia Kongwa na mradi wao wa kulima karanga, ambao kwa jumla yake ulikusudiwa kufyeka ekari zaidi ya milioni tatu. Walileta matrekta, mengine yakiwa yametokana na vifaru vya vita. Mibuyu ikawasumbua kung’oka, mvua ikawa haba, udongo ukakauka ukawa mgumu wa kuvunja majembe, na mwanzoni mwa 1951 Serikali ya Uingereza ikatangaza kuachana na mpango ule baada ya kuteketeza pauni milioni 36 hivi. Babu alikuwa kibarua wa kufyeka vichaka huko. Habari kwamba amepata binti zilimkuta kambini. Alirudi nyumbani na kopo la bati la biskuti, lenye ua jekundu juu ya kifuniko, akalikabidhi kwa mtoto mchanga kana kwamba anakabidhi ng’ombe. Nililikuta kopo hilo nilipopata akili. Ua lilikuwa limebanduka karibu lote, na mama alilitumia kuwekea shanga na sindano.

Bibi na mama hawakuwahi kuzimiwa mshumaa, lakini siku zao zilikuwa na maudhui. Hakuna aliyekaa kuyachagua. Tukio lilikuja lenyewe, likawakuta wote, mwenye zizi na asiye na zizi, na mtoto akabaki na kisa ambacho kila mtu wa rika lake angeweza kuchangia kukisimulia.

Sherehe zetu nyingine za watoto nazo huja na vitu vyake. Kwa ndugu zetu Waislamu kuna akika: siku ya saba mtoto ananyolewa, anapewa jina, anachinjiwa. Kwa Wakristo kuna ubatizo, maji na mshumaa na wazazi wa ubatizo. Kwa Wagogo kuna jando na unyago, na ngoma ya muheme ambayo wanawake huipiga wakiwa wameibana katikati ya mapaja, vumbi likipanda mpaka kiunoni. Katika sherehe hizi hakuna mama anayehangaika usiku akiwaza afanye nini. Mambo yamepangwa na waliotangulia, na kila kitu kina sababu yake.

Bethidei imekuja mikono mitupu. Mishumaa juu ya keki ya mtoto ni desturi iliyokua Ujerumani katika karne ya 18. Wimbo unaoimbwa dunia nzima wakati wa kukata keki ulianzia Kentucky huko Marekani, mwaka 1893, katika kitabu cha dada wawili, Mildred na Patty Hill, na maneno yake ya kwanza yalikuwa ya mwalimu kuwasalimu wanafunzi wake asubuhi. Patty mwenyewe alikuwa mwalimu wa chekechea. Vitu hivyo viwili, mshumaa na wimbo, vimetufikia, na pamoja navyo keki. Basi. Hakuna aliyetuambia siku yenyewe inamhusu nani, inafundisha nini, majirani wana nafasi gani. Nafasi hiyo iliyoachwa wazi ndiyo wauza picha wanayoijaza sasa, na siwalaumu, maana pakiachwa wazi lazima mtu apajaze. Ninachosema ni kwamba tunaweza kupajaza wenyewe, na tumewahi kufanya hivyo.

Neno bethidei lenyewe nililisikia kwa mara ya kwanza katikati ya miaka ya 1980, nilipokwenda shule ya bweni ya wasichana hapa hapa mkoani. Wenzetu waliotoka Dar es Salaam na Morogoro walikuja na desturi ya kummwagia maji mwenye siku yake. Anaviziwa mlangoni, anamwagiwa ndoo kichwani, watu wanacheka. Desturi hiyo mpaka leo ipo nchi nzima, vyuoni na mitaani, na wengine huongeza unga na mayai. Kwao ilikuwa furaha. Kwetu, wasichana wa Kongwa, Mpwapwa na Bahi, kumwaga maji chini ilikuwa jambo la kutisha. Kiangazi kile kisima cha shule kilikuwa kinatoa maji ya tope, tulipanga foleni na ndoo kabla jua halijachomoza, na kwa kuoga kila mmoja alipimiwa makopo machache. Matroni alipiga marufuku mchezo ule, naye alikuwa na haki.

Ikafika siku ya msichana mmoja wa chumba chetu, mtoto wa wafugaji wa upande wa Bahi, mpole, mwenye aibu. Wale wa mjini walitaka afanyiwe kitu, na wenyeji hatukutaka maji yamwagwe. Tukakaa vitandani tukabishana kwa minong’ono mpaka taa zikazimwa. Aliyepata jawabu alikuwa msichana wa Dar es Salaam. Alisema kila mtu wa chumba atoe kopo moja katika maji yake ya kesho, tujaze ndoo, na mwenye siku yake akaoge ndoo nzima.

Mtu ambaye hajaishi kiangazi cha Dodoma akiwa bweni hawezi kujua uzito wa zawadi ile. Ndoo nzima! Asubuhi tulimpa na kipande cha sabuni ambacho mmoja wetu alikuwa amekificha ndani ya soksi tangu muhula uanze, kwa sababu miaka ile sabuni dukani ilikuwa ya kubahatisha. Tukamsindikiza mpaka bafuni, tukasimama nje kumlindia mlango, tukaimba nyimbo za kwao na za kwetu. Tulimsikia anajimwagia, ananyamaza, anajimwagia tena, bila haraka. Alitoka ananukia sabuni, macho mekundu, akashindwa kusema asante.

Sherehe ile ningeulizwa leo mada yake, ningejibu maji. Ilitokana na mahali tulipokuwa na upungufu tuliokuwa nao. Kila mmoja alitoa sawa na mwenzake, mtoto wa mkurugenzi kopo moja na mtoto wa mchunga mbuzi kopo moja, na kwa kuwa sote tulijua bei ya kile tulichokitoa, mwenye siku yake alijua anapendwa kiasi gani. Nimehudhuria sherehe za gharama kubwa baada ya hapo. Sijaona nyingine ambayo wageni wote walikuwa ndani yake namna ile.

Miaka ikapita, nikawa mwalimu wa shule ya msingi, nikaolewa, nikarudi kuishi Mlali. Mwanangu wa kwanza, ambaye ndiye baba wa huyu mjukuu, alikuwa na wazimu wa matrekta. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, miaka ambayo soko la mahindi la Kibaigwa lilikuwa linaanza kuvuma, kila mwenye shamba akiongeza ekari, na msimu wa kulima trekta la kukodi likiingia kijijini watoto walilikimbilia nyuma mpaka vumbi linawageuza rangi. Alipokaribia kutimiza miaka saba nilimuuliza anataka siku yake iweje. Alisema anataka trekta lije nyumbani.

Trekta lenyewe tusingeweza. Lakini kulikuwa na yale mengine, na kila mzazi wa Mlali anayajua: magari ya watoto yanayotengenezwa kwa mabua ya mtama na mahindi, yaliyounganishwa kwa miiba au kwa vijiti vilivyochongwa, na tairi zinazokatwa kwenye soli ya kandambili iliyokwisha. Tukapeleka taarifa kwa watoto wa jirani kwamba anayekuja aje na trekta lake. Hatukuandika kadi. Taarifa ilizunguka yenyewe kisimani na njia ya shule.

Ningependa kueleza vizuri mchana ule, kwa sababu niliyoyaona siku hiyo ndiyo yaliyonifanya niwe na maoni. Wiki nzima kabla ya sherehe hakuna kandambili iliyolala salama nje ya mlango. Watoto walipokuja, kila mmoja alikuwa na chombo tofauti. Mmoja alikuwa amefunga vizibo viwili vya soda mbele, ndizo taa. Mwingine alikuwa na usukani wa waya mrefu, anaendesha akiwa amesimama wima, na alipokata kona tairi za mbele zilikata kona kweli. Binti mmoja alikuja na tela peke yake, hakuwa na trekta, na juu ya tela kulikuwa na soksi iliyojazwa mahindi ikashonwa mdomo kama gunia. Ndani ya muda mfupi kila dereva alitaka kuvuta lile tela. Uwanja wetu ukachorwa barabara kwa mti, pakawa na Kibaigwa chini ya mwarobaini, pakawa na mizani, pakawa na mnunuzi anayelalamika kwamba mahindi yana unyevu. Maneno hayo waliyasikia kwa baba zao.

Keki niliioka mwenyewe, sufuria ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga, mkaa chini na mkaa juu ya kifuniko. Ilitoka ya duara, kahawia kwa kakao kidogo niliyokuwa nayo. Mwanangu aliiangalia akasema hiyo ni tairi. Akachukua uma akaichora mistari ya tairi ya trekta pembeni kote, kwa uangalifu, ulimi umetoka nje. Nina hakika hakuna mpambaji ambaye angeifikiria.

Kijiji chetu kinajulikana mbali kwa kituo cha watoto wenye ulemavu cha Mapadri Wakapuchini, na kwa hiyo watoto wa hapa wamezoea kucheza na wenzao wanaotembea kwa magongo au kwa viti vya magurudumu. Siku ile alikuwepo mvulana mmoja aliyekuwa kwenye matibabu, mguu ukiwa kwenye plasta, amekuja na mama yake kutoka mkoa mwingine. Nilikuwa na wasiwasi kwa sababu michezo mingi ya sherehe ni ya kukimbia. Watoto walilimaliza jambo hilo kabla sijafungua mdomo. Yeye alikaa kivulini akawa fundi. Mabua hukatika na tairi hutoka, hivyo matrekta yote yalimpitia, na foleni yake ilikuwa ndefu kuliko ile ya keki. Aliondoka na vipande vya waya mfukoni na heshima ya uwanja mzima.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiangalia sherehe za watoto kwa jicho moja: je, ndani ya mada kuna kazi ya kufanya? Mada ya picha ukutani ina nafasi ya mtoto mmoja, yule anayesimama mbele ya ukuta. Wengine ni watazamaji waliovaa rangi inayofanana. Mada yenye kazi ina dereva, ina fundi, ina mpima mahindi, ina mnunuzi mkorofi. Mtoto mwenye haya anapata pa kujishika. Asiye na zawadi anakuja na bua lake.

Mwaka 2015 nilikaa kwa muda Dar es Salaam kwa mdogo wangu, na huko ndiko nilikoona sherehe ya picha kwa ukamilifu wake. Jirani alikuwa amekodi ukumbi. Mtoto, mvulana wa miaka minne, alivalishwa mtu buibui kuanzia unyayo hadi kichwani, kitambaa cha kubana, na barakoa. Dar es Salaam, mwezi wa pili! Kila baada ya dakika chache aliifunua barakoa apumue, na kila alipoifunua aliambiwa airudishe, picha zinapigwa. Wazazi wake walikuwa watu wema waliojinyima wamfurahishe. Hilo lilionekana wazi, na ndilo lililonigusa zaidi, kwamba upendo mkubwa namna ile ulikuwa unapita kando ya mtoto mwenyewe.

Kadi ilikuwa imeagiza nguo nyekundu na bluu. Binti mmoja alifika na gauni la njano, la hariri ya dukani, pasi imenyooka. Bila shaka ndilo bora alilokuwa nalo. Wakati wa picha ya pamoja mpiga picha alimwomba asogee kidogo pembeni. Kidogo tena. Baadaye nikawakuta watoto nyuma ya ukumbi kwenye lundo la mchanga wa ujenzi, nyekundu na bluu na njano wamechanganyika, mtu buibui amevua kichwa, wanaimba nyimbo za katuni ya Ubongo Kids, ambayo ilikuwa imeanza kuonyeshwa mwaka uliotangulia na kila mtoto mwenye runinga alikuwa anaijua. Sherehe yao ilikuwa pale mchangani. Mshereheshaji akaja kuwaita warudi ndani.

Kuhusu hizo rangi za kadi nina la kusema kama mwalimu. Nimefundisha watoto wa wakulima kwa muda mrefu. Kadi inayotaka gauni la zambarau ikimfikia mzazi ambaye mahindi yake bado yako shambani, anafanya mojawapo ya mawili: anakopa, au anamwambia mtoto abaki nyumbani. Jumatatu darasani mwenzake anamuuliza mbona hukuja, naye anajibu alikuwa anaumwa. Nimelisikia jibu hilo kwa watoto ambao Jumamosi ile ile niliwaona wanachota maji wakiwa wazima kabisa. Mtoto wa miaka saba anajifunza kumsitiri mzazi wake kwa uongo kwa sababu ya rangi ya sherehe ya jirani. Wazazi wenzangu, hili tuliache. Halina faida yoyote kwa mtoto anayesherehekewa.

Sisemi picha za katuni za ng’ambo ni haramu. Mtoto akiipenda hadithi kweli, ni yake, haijalishi imetungwa wapi. Kuna binti hapa jirani anayeijua hadithi ya wale dada wawili wa barafu mwanzo mpaka mwisho, na mama yake aliniuliza afanyeje wakati theluji hajawahi kuiona. Nikamwambia barafu anaijua sana, si ananunua kila siku shuleni ile ya ubuyu na ya ukwaju? Waligandisha barafu za rangi zote, nyekundu ya ubuyu, kahawia ya ukwaju, nyeupe ya maziwa, watoto wakazigawana wakiwa wanasimuliana hadithi, na kila mmoja akapewa zamu ya kugandisha wenzake kwa kuwagusa na kuwayeyusha kwa kuwakumbatia. Kila mtoto na koja lake, wahenga walisema. Ninachotaka ni kwamba mtoto aulizwe, na akishajibu, jibu lake lipitishwe kwenye mikono yetu na kwenye jiko letu kabla halijawa sherehe.

Kwa hiyo badala ya kumchagulia mkwe wangu picha, nilimpigia mjukuu mwenyewe.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mjukuu wangu. Hujambo? Haya niambie, unataka sherehe ya nini?”

Hakufikiri hata kidogo. “Ya treni.”

Nilielewa. Desemba iliyopita baba yake aliwapeleka Dar es Salaam kwa treni ya umeme, ile iliyozinduliwa rasmi mpaka Dodoma tarehe 1 Agosti 2024, na tangu siku hiyo anamsimulia kila mtu kwamba Dar es Salaam ni karibu, unakula tu karanga zikiisha umefika. Lakini alikuwa na malalamiko. “Bibi, haisimami. Inapita tu. Mimi nataka inayosimama simama, watu wanunue vitu.”

Treni ya kusimama simama aliisikia wapi? Kwa bibi mkubwa, yaani mama yangu, ambaye anakaribia miaka themanini na alikuwa amekaa kando yangu wakati ule, sikio kwenye simu. Mama akaanza kusimulia tena, na mjukuu kule Dodoma akanyamaza kusikiliza. Alisimulia treni ya reli ya kati, usiku kucha, na kila stesheni dirisha linajaa mikono: mayai ya kuchemsha, miwa, vikapu, kuku wazima. Halafu akasimulia lile ambalo watoto wengi wa wilaya yetu hawalijui, kwamba Kongwa nayo iliwahi kuwa na reli. Ilitoka Msagali kwenye reli ya kati ikaja mpaka Kongwa, ikaendelea kuelekea Hogoro, ikijengwa kwa ajili ya zile karanga za mwaka wake. Karanga zenyewe hazikupatikana za kutosha kujaza mabehewa, na baadaye reli iling’olewa. Mama anakumbuka akiwa mtoto mdogo amepandishwa na baba yake juu ya tuta, akionyeshwa mahali chuma kilipokuwa kimelala.

“Sasa hiyo treni ya Kongwa iko wapi?” mjukuu akauliza.

“Imekwisha.”

“Basi tuirudishe.”

Ndiyo mada yetu. Mabehewa ni maboksi yaliyokatwa chini na juu, mtoto anaingia ndani na kulishika kwa kamba mabegani, anaunganishwa na mwenzake kwa kanga. Tiketi tunazikata kwenye majalada ya madaftari ya zamani, na mjukuu ameshasema yeye hataki kuwa dereva, anataka kuwa mkagua tiketi, ili aongee na kila mtu. Stesheni zitazunguka uwanja, na kila stesheni itauza chakula chake kwa tiketi: Dar es Salaam kashata za nazi, Morogoro ndizi, Kilosa miwa, Dodoma zabibu kavu, Kongwa karanga. Wauzaji ni watoto, kwa zamu, wakipaza sauti madirishani. Mwezi wa saba hapa upepo ni mkali na baridi, na miti yetu mingi ina miiba, hivyo maputo nimeyakataa. Mpambaji wa Kibaigwa sikumkataa, naye anatafuta riziki. Nimempa kazi ya vibao vya stesheni, maana ana mwandiko mzuri, na amefurahi kwa sababu amechoka, anasema, kubandika picha zile zile. Kadi inasema uje na nguo unayoipenda.

Kengele ipo. Ni rimu ya gari iliyokuwa inaning’inia shuleni kabla hatujapata nyingine, na stesheni masta atakuwa mama, akiwa kitini, blanketi mabegani, nondo mkononi. Treni haiondoki mpaka agonge.

Jana mjukuu alipiga tena. Alikuwa ameziangalia stesheni zote kwenye karatasi niliyompigia picha, akakuta Mlali haimo. Nikamweleza kwamba reli haijawahi kufika Mlali, si ile ya kati ya Wajerumani, si ya karanga, si hii ya umeme. Akasema kwenye sherehe yake inafika, na ndiyo stesheni ya mwisho, keki inakatiwa hapo. Mama yake anaona keki ikatwe mwanzo, kabla watoto hawajachafuka. Bado wanabishana. Mimi nimeshamtumia mpambaji ujumbe aongeze kibao kimoja.